Kila bakuli lina kwao: Ukifika Vietnam, usiulize tu ‘hiki ni chakula gani’

HUENDA unaikumbuka hii picha. Ni Mei 2016. Barack Obama, akiwa bado Rais wa Marekani, ameketi kwenye kistuli cha plastiki jijini Hanoi, mikono ya shati imekunjwa, chupa ya bia mkononi. Mbele yake ni mpishi na mtangazaji Anthony Bourdain. Kati yao kuna meza ya chuma, mabakuli kadhaa na rundo la majani mabichi.

Bili ya jioni hiyo, kwa maelezo ya Bourdain mwenyewe, ilikuwa dola 6, na ndiye aliyelipa. Baadaye wenye mkahawa waliifungia meza ile ndani ya kioo, mabakuli na chupa zikiwa juu yake, isiguswe tena na mtu. Kwenye menyu nako wakaongeza kitu kinachoitwa “Combo Obama”. Wakenya sisi tulifurahi, kwa sababu mtu wetu wa Kogelo alikuwa amekula kibandaski kama msee wa kawaida. Tukasambaza picha, stori ikaishia hapo.

Lakini je, unajua walikuwa wanakula nini?

Kilikuwa bun cha. Vipande vya nyama ya nguruwe huchomwa kwa makaa, kisha hutumbukizwa moto moto ndani ya bakuli la mchuzi mwepesi wenye chumvi, siki, sukari, kitunguu saumu na pilipili. Pembeni huja sahani ya tambi nyeupe za mchele, zilizopoa, na majani ya kila aina. Unachota tambi, unachovya, unaongeza jani, unakula. Kwa desturi ni chakula cha mchana. Obama alikula jioni, lakini mgeni husamehewa.

Na ni chakula cha Hanoi. Hapa ndipo mambo yanapoanza kunoga. Ukikikuta Saigon, mji ambao kwenye ramani umeandikwa Ho Chi Minh City, kibao cha mkahawa kitakuambia “bun cha Hanoi”. Wavietnam hukibandika chakula jina la kilikotoka jinsi mtu anavyobeba jina la babake. Kuna bun bo Hue, supu ya tambi na nyama ya ng’ombe ya mji wa Hue. Kuna mi Quang, tambi za eneo la Quang Nam. Kuna hata hu tieu Nam Vang, na Nam Vang wala haiko Vietnam. Ndilo jina ambalo Wavietnam huuita mji wa Phnom Penh, mji mkuu wa Cambodia. Chakula kilivuka mpaka, kikapata mashabiki Saigon, lakini jina la kwao hakikuliacha. Wahenga wetu walisema mkataa kwao ni mtumwa. Hawa wameupeleka msemo huo hadi kwenye sufuria.

Tazama ramani uelewe kwa nini. Nchi yenyewe imejipinda kama herufi S, zaidi ya kilomita 1,600 kutoka kaskazini hadi kusini, na mahali pengine katikati ni nyembamba kiasi kwamba kutoka mpaka wa Laos hadi baharini ni kilomita 50 tu. Kaskazini kuna majira ya baridi ya kuvaa jaketi. Kusini ni joto mwaka mzima. Serikali inatambua makabila 54. Huwezi kutarajia watu hawa wote wale kitu kimoja.

Pho isiyo na rubani

Chukua pho, supu ambayo hata kama hujawahi kuionja umeiona TikTok. Ilizaliwa kaskazini, eneo la Nam Dinh na Hanoi, mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo ng’ombe alikuwa wa kulima, si wa kuliwa ovyo. Kwa maelezo ya wengi, ni Wafaransa, waliokuwa wakitawala, walioleta uchu wa nyama ya ng’ombe. Walichukua minofu, mifupa ikabaki. Kuna mtu aliyeitazama mifupa ile akaona hela.

Mifupa huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni, mdalasini na viungo vingine, hadi mchuzi unakuwa mweupe wa kung’aa lakini umebeba uzito wote wa mfupa. Juu ya tambi bapa za mchele huwekwa nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi na vitunguu vya majani. Watu hunywa asubuhi, kabla ya kazi.

Mwaka 1954 vita dhidi ya Wafaransa viliisha kwa nchi kukatwa vipande viwili. Katika miezi iliyofuata, watu wapatao laki nane hadi milioni moja walihama kutoka kaskazini kwenda kusini. Walibeba walichoweza kubeba, na wengine walibeba ujuzi wa pho. Kusini walikuta sukari, joto, na mashamba yenye majani ya kijani mwaka mzima. Ndiyo sababu bakuli la Saigon leo lina utamu kidogo, na huja na sahani nzima ya rehani, chipukizi za maharagwe, ndimu na sosi nzito za kujiongezea. Mtu wa Hanoi akiona hivyo hutikisa kichwa. Kwake, mpishi aliyeamka usiku kukoroga sufuria hastahili kusahihishwa na mteja mwenye chupa ya sosi.

Ukiniuliza ipi ni pho halisi, nitakuambia swali hilo ni mtego. Uliza ni ya wapi.

Kuna pho nyingine ambayo hutaikuta kwenye menyu yoyote leo. Miaka ya 1960, Marekani ilipokuwa ikiishambulia Kaskazini kwa mabomu, nyama ilikuwa haba na mikahawa ilikuwa ya serikali. Wateja waliletewa bakuli lenye mchuzi na tambi, nyama hakuna. Wakati huohuo, ndege za kijasusi za Wamarekani zilikuwa zikipita juu ya mji bila mtu ndani. Watu wa Hanoi wakaliita bakuli lile “pho isiyo na rubani”.

Vita viliisha 1975, lakini njaa haikuisha siku hiyo. Kwa muongo mzima uliofuata chakula kiligawiwa kwa kuponi. Watu walipanga foleni alfajiri, wengine wakiacha tofali au kapu liwashikie nafasi, na wali ulichanganywa na mihogo au viazi vitamu ili sufuria ijae. Mageuzi ya uchumi yalianza 1986. Fanya hesabu basi: yule mama wa miaka 60 anayekupakulia supu kando ya barabara alikuwa mtu mzima wakati huo. Akikuongezea nyama, anajua anachokifanya.

Mwaka 2024, pho ya Hanoi na pho ya Nam Dinh ziliingizwa katika orodha ya kitaifa ya turathi za utamaduni. Kila moja kivyake.

Mezani kwa mfalme, mezani kwa maskini

Shuka hadi katikati ya nchi, mji wa Hue. Hapa ndipo wafalme wa ukoo wa Nguyen walipokaa kuanzia 1802 hadi 1945. Chakula cha Hue bado kina tabia ya ikulu: visahani vidogo vidogo, kila kimoja na tonge moja au mawili, vimepangwa kama mapambo. Banh beo, kwa mfano, ni vikeki vya unga wa mchele vilivyopikwa kwa mvuke kwenye visahani vya kiganja, juu vikanyunyiziwa kamba waliokaushwa na kusagwa. Unaagiza kumi, unamaliza, unaagiza tena.

Ila chakula cha Hue ninachokipenda zaidi katika habari zake zote si cha mfalme. Kinaitwa com hen. Kando ya mto wa Hue kuna kisiwa kidogo ambako watu wamekuwa wakizoa kome wadogo sana, wadogo kuliko ukucha wako. Wali wa jana, uliopoa, ndio msingi. Juu yake huwekwa kome hao, majani yaliyokatwakatwa, karanga, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka, na pilipili ya kukutoa machozi. Kisha unapewa supu iliyochemshiwa kome uimwagie humo. Ni kiporo, lakini kiporo kilichopewa heshima.

Na si hicho tu. Saigon wana com tam, “wali uliovunjika”. Ni zile chembe zilizokatika mashineni, ambazo zamani zilikuwa za kuku na za wasio na uwezo. Leo com tam na nyama ya kuchoma ndicho kiamsha kinywa cha jiji zima, cha mwendesha bodaboda na cha bosi wake.

Kahawa nayo ina kisa cha namna hiyo. Mwaka 1946 maziwa yaliadimika Hanoi. Mhudumu wa hoteli ya Metropole, Nguyen Van Giang, akapiga kiini cha yai na sukari hadi likatoka povu zito, akaliweka juu ya kahawa. Mkahawa wake bado upo. Na kama ulidhani sisi ndio wenye kahawa, pole: Vietnam ni ya pili duniani kwa uzalishaji, baada ya Brazil. Yao kwa wingi ni robusta, chungu na kali, si arabika yetu. Tofauti nyingine ni kwamba wao wanainywa. Sisi tunaiuza, tunarudi kwa chai.

Kisima kimoja

Kilomita mia moja na kidogo kusini mwa Hue kuna Hoi An, bandari ya zamani ambako Wachina na Wajapani walikuja kufanya biashara. Tangu 1999 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Chakula chake ni cao lau: tambi nene zenye rangi ya kahawia hafifu, zinazotafunika, nyama ya nguruwe, majani, na mchuzi kidogo tu chini ya bakuli.

Wenyeji watakuambia kwamba cao lau ya kweli hukandwa kwa maji ya kisima kimoja, kiitwacho Ba Le, na maji ya jivu la kuni kutoka visiwa vya Cham, mkabala na mji. Jivu ndilo linaloipa tambi ile rangi na ule ugumu. Kama nyanyako ni wa Magharibi na alikuwa akilainisha mboga kwa musherekha, hili halitakushangaza: maji ya jivu yanajua kazi.

Je, tambi zote zinazouzwa Hoi An leo hutoka kisima kile kimoja, na watalii walivyo wengi? Jibu unalo. Lakini elewa dai lenyewe. Mtu anayesema chakula hiki hakiwezi kupikwa kwingine hajisifu tu. Anakuambia kwamba siku kisima kikikauka, chakula nacho kimekwisha.

Wa kwanza kula ni marehemu

Sasa tuingie nyumbani, kwa sababu chakula cha barabarani ni nusu tu ya habari.

Katika nyumba nyingi za Vietnam kuna madhabahu ya mababu: picha za marehemu, ubani, matunda, vikombe vya chai. Siku ya kumbukumbu ya kifo cha babu au nyanya, ukoo hukusanyika. Wazee wengi wa zamani hawakujali sana siku ya kuzaliwa. Siku ya kufa ndiyo iliyowekwa akilini. Hupikwa vyakula ambavyo marehemu alivipenda, vikaandaliwa madhabahuni kwanza, ubani ukawashwa. Ubani ukishateketea ndipo walio hai wanapokula. Hivyo ndivyo kijana wa miaka 20 anavyojua babu yake mkuu, ambaye hakumwona, alipenda samaki aliyepikwa kwa karameli.

Sherehe kubwa kuliko zote ni Tet, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, ambao huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Miji hubaki mitupu, watu wamepanda mabasi kwenda mashambani. (Uliza Nairobi ya Desemba 24.) Kaskazini hupikwa banh chung: mchele wa kunata, ndengu zilizobanduliwa maganda na nyama ya nguruwe, vyote vikafungwa ndani ya majani katika umbo la mraba. Huchemshwa saa kumi au zaidi, kwa hiyo lazima mtu akeshe na moto. Hapo ndipo watoto huruhusiwa kukesha pia, na hapo ndipo hadithi husimuliwa.

Mojawapo ni ya banh chung yenyewe. Mfalme mmoja wa kale wa ukoo wa Hung aliwaambia wanawe kwamba atakayemletea zawadi bora ndiye atakayerithi kiti. Wengine walikimbilia vitu adimu vya milimani na baharini. Lang Lieu, mwana maskini kuliko wote, alikuwa na mchele tu. Akatengeneza keki ya mraba kuwa mfano wa ardhi na ya mviringo kuwa mfano wa mbingu. Akashinda.

Kusini keki hiyohiyo huviringishwa kama gogo ndani ya majani ya mgomba, ikaitwa banh tet. Mwaka mpya ni mmoja, umbo ni tofauti, na kila upande una hakika kwamba mwingine umekosea.

Ukialikwa nyumbani kwa mtu, jiandae kuulizwa umri wako kabla hata hujakaa vizuri. Si udaku. Kivietnam hakina “mimi” na “wewe” rahisi za kutumia kwa kila mtu. Lazima ijulikane kama wewe ni mdogo mtu, kaka, dada, shangazi au mjomba, ndipo uongeleshwe. Kabla ya kula, mdogo huwakaribisha wakubwa kwa maneno, mmoja mmoja: babu karibu chakula, nyanya karibu, baba karibu, mama karibu. Katikati ya meza huwa kuna bakuli moja la kuchovya, na wote huchovya humo. Na usithubutu kusimamisha vijiti vya kulia wima ndani ya wali. Vinafanana na vijiti vya ubani vilivyochomekwa kwa ajili ya marehemu, na utakuwa umeleta matanga mezani.

Kama wewe ni Mwislamu na umesoma habari hizi zote za nguruwe ukikunja uso, ngoja. Mkoani An Giang, karibu na Cambodia, wanaishi Wacham Waislamu. Wana soseji yao ya nyama ya ng’ombe, tung lo mo, iliyochachushwa kidogo na kuchomwa kwa makaa. Nao wana kwao.

Maji ya chumvi

Kilicho ndani ya lile bakuli la kuchovya ni nuoc mam: dagaa wa baharini na chumvi, takriban vipimo vitatu vya samaki kwa kimoja cha chumvi, vikaachwa ndani ya mapipa makubwa ya mbao kwa mwaka mmoja au zaidi hadi yatoke maji ya rangi ya kaharabu. Harufu yake ni noma, sitakudanganya. Ladha ni habari nyingine kabisa. Ile ya kisiwa cha Phu Quoc ilipewa ulinzi wa jina na Umoja wa Ulaya mwaka 2012. Yaani, huko Ulaya huwezi kutengeneza popote upendapo ukaiita Phu Quoc.

Jina unaweza kulilinda kwa sheria. Mto ni shughuli nyingine.

Kusini mwa Vietnam ndipo mto Mekong unapofika baharini, baada ya kupita China, Myanmar, Laos, Thailand na Cambodia. Hugawanyika katika mikono mingi, na Wavietnam huuita Cuu Long, majoka tisa. Takriban nusu ya mchele wote wa Vietnam hulimwa katika delta hii. Kila tambi uliyoisoma hapa juu imetengenezwa kwa mchele.

Sasa delta inaingiwa na chumvi. Mabwawa ya nchi za juu yanazuia matope, mchanga unachimbwa kwa ujenzi, ardhi inadidimia, bahari inapanda. Katika ukame wa 2016, na tena 2020, maji ya bahari yalipanda mitoni kilomita nyingi na kuua mpunga. Wakulima wengine wamehamia ufugaji wa kamba. Vijana wengi wameenda Saigon kutafuta kazi viwandani, na wewe unajua wakifika mjini hula nini na huongea nini kuhusu nyumbani.

Ukitaka kuiona delta ya zamani, amka saa kumi na moja alfajiri mjini Can Tho, upande boti hadi soko la kuelea la Cai Rang. Zamani mashua zilijaa hapa hadi mto hauonekani. Siku hizi barabara na madaraja yamefika, malori yanabeba mizigo, na mashua zimepungua sana. Zilizobaki bado zinafuata desturi yao. Kila mashua husimamisha ufito mrefu wa mwanzi na kuning’iniza juu yake anachouza mwenyewe, ili uone ukiwa mbali: nanasi, boga, kabichi.

Desturi hiyo ina vighairi vyake. Nguo zikining’inia, haziuzwi, ni za kufuliwa. Supu ya tambi inauzwa lakini haining’inizwi, sasa utaitundikaje? Na ukiona juu ya ufito kuna jani la mnazi tu, jani la kuezekea, jua kwamba mwenyewe hauzi kilichomo ndani. Anauza mashua.